Wimbo wa Kupandia Kilima

Butembo, siku ya tatu

Yaya Mathe, mukubwa wangu,

Nakusalimia sana. Mama anakohoa kidogo tu, na maharagi tumemaliza kuvuna. Club yetu ya paroisse ingali inatembea mu milima kila siku ya yenga kisha misa, lakini haiko tena kama wakati ulikuwa unatuongoza.

Kuko mugeni, Salomon wa Beni. Anasema ni muchuruzi wa kahawa, lakini hajauliza bei hata siku moja. Anauliza tu njia: hii inafika wapi, nani analala kule. Na kuimba wakati wa kupanda, amekataza. Ati anapenda kusikia ndege zikiimba. Batu balicheka, banamufuata. Mimi sikucheka.

Yenga yenye inakuja amechagua kilima chenu. Tangu ulikimbia basoda ba jeshi benye banakutafuta, sijaambia mutu kama uko kule na benzako. Hata Mama anafikiri unachuruza samaki Kyavinyonge.

Nitaenda nabo. Tukifika ku mto nitaanza wimbo wetu wa zamani, kwa sauti yote, hata akasirike. Ukiusikia, muzime moto, mupande juu zaidi.

Na kama hausikie wimbo, lakini unaona ndege zinaruka mu miti kwa ghafula, usiningoje.

Mudogo wako,
Kavuo