Bomba Limeifunga Hoteli Yako

Mama,

Hoteli yako imefungwa. Nimeanza na hilo maana ungekuwepo ungenikata kauli: "Agnesi, sema la maana kwanza, salamu hazikimbii." Basi la maana ndilo hilo. Mlango nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe na sikulia. Majirani waliokuja kunipa pole walinikuta nafagia jiko huku naimba. Wakatazamana. Nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba kifo chako sasa ndiyo kimenipanda kichwani, baada ya miaka yote hii.

Haikufungwa kwa sababu uji wangu ni mbaya, ingawa wapo wenye midomo yao watakaosema hivyo. Haikufungwa kwa ugomvi wala kwa moto. Imefungwa na maji. Maji yamepanda mlima, Mama. Yamefika Newala yenyewe, bila kichwa cha mwanamke chini yake.

Najua huamini. Hata mimi sikuamini. Msimu wa pili baada ya kukuzika nilikwenda Nanganga kutafuta samaki wakavu wa hoteli, nikayaona malori yamesimama barabarani, yamepakia mabomba ya chuma marefu kuliko nyumba yetu. Nikamuuliza dereva yanakwenda wapi. Akasema, "Kwenu huko, Newala. Maji yatatoka bondeni mpaka juu kwa mashine." Nikamwambia akamdanganye mama yake, mimi wa kwangu alishakufa kwa kungoja. Tena nilimwambia kwa sauti, watu wakageuka. Leo dereva yule nikimwona nitampikia chai ya bure na kumwomba radhi, kama nitapata mahali pa kupikia.

Mashine wameiweka kulekule bondeni, upande wa Kitangari, ulikokuwa unainama na kibuyu chako kabla jua halijatoka. Bomba la kuchotea liko sokoni. Unafungua, yanatoka. Siku ya kwanza wanawake walisimama na mitungi mikavu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, mpaka Mama Rashidi akawasukuma wote akaweka mtungi wake. Unamkumbuka Mama Rashidi, yule mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Ulipojaa, hakuondoka. Aliyaangalia yale maji yakimwagika kandoni, akavua khanga ya begani akaanza kuuziba mdomo wa bomba, anapiga kelele watu wamsaidie kuyazuia yasipotee. Hakujua kwamba yanafungwa.

Na kesho yake aliamka alfajiri kama kawaida ya miaka yote, akachukua mtungi, akaenda sokoni, akarudi. Kumbe bado giza. Akakaa kizingitini hajui afanye nini, maana kwa hesabu ya mwili wake alitakiwa awe bado anateremka. Mwisho akaingia ndani akalala tena. Mumewe alipoamka na kumkuta kitandani jua limechomoza, alikimbia kwa dada zake kuwaambia mke wake anaumwa sana. Tumecheka mpaka leo. Naye anacheka, halafu anafuta macho.

Sasa nikueleze hoteli ilivyokufa, ili usije ukadhani nimeiua kwa uvivu. Wewe uliijenga pale ukingoni, njia ya bondeni inapofika tambarare, kwa sababu ulijua mwanamke akifika hapo na mtungi magoti yanamcheza. Ukaweka mtungi mkubwa mlangoni na sharti lako: kata moja ya maji, bakuli moja la uji. Hukumtaka mtu hela. Anafika, anachota kata moja kutoka kwenye mtungi wake, anamimina kwenye wa kwako, anakaa, anakula, anapata nguvu za kumalizia safari. Na kwa maji hayohayo uliwapikia wenye hela: madereva, makarani, wanunuzi wa korosho, walimu. Chai, mihogo, mbaazi, na ming'oko, vile viazi vya porini, wakati wake. Haba na haba hujaza kibaba, nawe ulikijaza. Wageni walikuwa wakishangaa, mlima mzima una kiu, lakini kwa Mama Agnesi unanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Bomba lilipofunguliwa, njia ya bondeni ikaota nyasi. Kata zikaisha. Madereva nao wakahamisha kituo chao sokoni, kwa sababu lori likipanda mlima ule rejeta yake inachemka, na dereva husimama yalipo maji, si palipo na mbaazi tamu. Nilipika nikabaki nakula mwenyewe. Ikafika siku nzima mteja wangu ni kuku wa jirani. Nikasema basi, imetosha.

Watu wanasema pole. Pole ya nini? Ulifungua hoteli kwa sababu ya shida, shida imeondoka, hoteli imefuata. Hakuna biashara iliyokufa kifo kizuri kama hicho katika mlima huu.

Nina jambo la kukuambia ambalo sikukuambia ukiwa hai. Uliponipeleka Masasi kwa mama mdogo nikasome kwa wamisheni, nilidhani umenichoka. Wenzangu wa kike walibaki na mama zao, mimi nikawa wa kuletwa likizo. Nilikuwa nalia kule usiku, mama mdogo shahidi. Halafu nikirudi, ulikuwa unakaa chini kati ya magoti yangu nikupake mafuta ya mbarika utosini, pale nywele zilipokwisha kwa mtungi na ngozi ikawa ngumu kama kisigino. Nikakuuliza siku moja kwa nini hukuniweka nyumbani nikusaidie kubeba. Ukasema, "Kichwa kimoja kinatosha kuharibika." Ukaniambia nipake vizuri, nisiongee sana. Nilipaka. Mama, niache kidogo.

Haya.

Kilichonisumbua si kufungwa kwa hoteli. Ni nyumba yenyewe. Asubuhi sasa ukipita sokoni unawakuta wasichana wamekaa karibu na bomba wanarushiana maji, wamemaliza kazi ambayo zamani ilikula nusu ya siku yao. Wana akili, wana muda, hawana pa kwenda. Shule ni ya wavulana, imejaa mpaka mlangoni. Mwalimu wake aliniambia Liwali ameshakubali, wasichana wakipata nyumba watafunguliwa darasa, na kwa kuanzia nitawafundisha mimi, kwa darasa langu la sita la Masasi, mpaka apatikane mwalimu wa cheti. Kinachokosekana ni nyumba. Nami ninayo, tupu, ina viti, ina paa. Na nilijua wakikaa bure mwaka mwingine mmoja watachezwa unyago na kuolewa, na habari imeisha.

Lakini nyumba ile si yangu kuitoa, unajua mwenyewe. Ipo kwenye ardhi ya ukoo wetu, na mkubwa wa ukoo ni Mjomba Saidi, kaka yako. Naye alishapata mtu. Mfanyabiashara wa korosho anaitaka iwe ghala. Nilipompelekea Mjomba habari ya shule alinisikiliza mpaka mwisho, simsingizii, akasema, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Korosho ipo kila mwaka. Hiyo shule yenu ya wasichana nani ameiona?" Nikaaga nikaondoka. Wewe ulinilea, unajua ilinigharimu nini kutomjibu.

Basi akaitisha kikao palepale uani pa hoteli, mfanyabiashara kaja na baiskeli mpya, wazee wamekaa. Mimi mpwa, nitasimamaje mbele za watu nimpinge mjomba wangu? Nikapika chai. Hiyo ndiyo iliyokuwa chai ya mwisho ya hoteli yako, na niliikoroga kwa hasira mpaka ikamwagika.

Wakiwa wanataka kupeana mikono, tukawasikia kabla hatujawaona. Wanawake wa njia ya bondeni, karibu wote, mbele yao Mama Rashidi. Hawakukaa. Walikwenda moja kwa moja kwenye kuta, kila mmoja akasimama na kuweka kiganja ukutani. Mama Rashidi akamwamkia Mjomba kwa heshima zote, shikamoo kaka, akaitikiwa marahaba. Halafu akamuuliza, "Kaka Saidi, nyumba hii ilijengwa na nani?" Mjomba akasema, ilijengwa na yeye na vijana wake, walikata miti, wakafunga fito, wakaezeka.

"Kweli," akasema Mama Rashidi. "Na udongo ulikandwa kwa kitu gani?"

Wazee wakageuka kutazama kuta. Maana kila mtu pale anajua, Mama. Mlima huu udongo ni bure, ila kuukanda unataka maji, na maji yalikuwa bondeni. Mwaka ule wanaume walifunga fito wakakaa kivulini, na ninyi mkateremka na kupanda, mkateremka na kupanda, mpaka kuta zikasimama. Mwingine akasema, "Ukuta huu wa mlangoni ni mtungi wangu." Mwingine akasema, "Huu wa jikoni, mimba yangu ya Zuhura, nilipanda nayo." Wakazungumza mmoja mmoja, bila kelele. Sijawahi kusikia wanawake wa kwetu wakizungumza hivyo.

Mama Rashidi akamaliza: "Miti ni yako, kaka, na nyasi ni zako. Ng'oa, chukua, umpe mgeni wako akajengee ghala. Udongo tuachie. Udongo ni maji yetu."

Mfanyabiashara akacheka. Akacheka peke yake. Mjomba aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akaupapasa, akatafuta mahali ambapo angeng'oa nguzo bila kugusa udongo, na mimi nakuapia alitafuta kweli, kwa macho ya fundi. Hapakuwa na mahali. Akarudi, akamwambia mgeni kwa upole kwamba nyumba ina wenyewe wengi kuliko alivyodhani. Wale wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani akapanda juu ya paa. Mimi nilikaa chini palepale jikoni, birika mkononi.

Mjomba hakunisemesha siku hizo. Nikadhani nimempoteza. Kumbe alikuwa anatafuta mbao. Asubuhi moja nikamkuta na panga na tezo anakata madirisha kwenye ukuta wa mashariki, kwa ruhusa ya mwenye mtungi wa ukuta ule, maana alikwenda kumwomba kwanza. Akasema bila kunitazama kwamba hoteli inaweza kuwa na giza, mtu mdomo wake anaujua ulipo, lakini herufi zinataka mwanga.

Jana tumefungua. Wamekuja wengi kuliko viti vyako, wengine nimewakalisha kwenye mikeka. Nimesimama palipokuwa na meza ya chai, chaki mkononi. Ndipo Mjomba Saidi akatokea mlangoni, kanzu safi, kofia kichwani, amewashika mikono wajukuu zake wawili wa kike. Wasichana wote wakasimama. Nami nikajiandaa kumwamkia kama ninavyomwamkia tangu nilipojifunza kusema.

Akaniwahi. Mzee yule, kaka yako mkubwa, aliyenibeba mgongoni, alivua kofia yake mbele ya watoto wote akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Mama, nilifundishwa kila kitu Masasi, lakini sikufundishwa mtu anamwitikiaje mjomba wake marahaba. Nilipiga magoti nikamshika mikono, naye hakutaka niiname, akaniinua, akasema wasichana wananitazama. Wakakaa wale wajukuu zake mbele kabisa. Nikageuka ubaoni ili wasinione uso, nikaandika herufi ya kwanza.

Lala, Mama. Shingo yako ipumzike. Nakuahidi hakuna msichana atakayetolewa darasani kwangu kwa kutumwa maji, hata akija baba yake, hata akija Liwali mwenyewe. Nitawakalisha mpaka wasome, kisha nitawatuma Masasi, na baada ya hapo watafika wapi, mimi sijui. Nimekuandikia asubuhi, kabla hawajaingia. Nawasikia uani wanagombania nani akae dirishani.

Mwanao,
Agnesi