Ushahidi wa Kwamba Nitarudi

Jumatatu, 2 Machi
Nimefungua kibanda changu sokoni Kakoba, hapa Mbarara. Vitenge vile vile, maua yale yale, kama ya jirani na ya jirani wa jirani. Sote tunanunua kwa mtu mmoja Kampala, na yeye ndiye anatuchagulia sura. Nimechoka kuchaguliwa. Nataka kufika Guangzhou, nishike kitambaa kwa mkono wangu. Robert, wakala wa safari hapo juu barabarani, anasema ni rahisi: China sasa inaruhusu wageni siku kumi bila viza, mradi wawe wanapita kwenda nchi nyingine. Amenionyesha video. Mzungu anakula tambi Shanghai, anacheka.

Alhamisi, 5 Machi
Nimesoma mwenyewe kwenye simu. Nusu nilielewa, nusu nililazimisha. Ruhusa hiyo ni ya nchi zilizotajwa tu. Uganda haimo. Congo haimo. Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, sijui kwa nini, nayo haimo. Nikamwambia Robert. Akasema hakuwa ameangalia. Mtu anauza safari na hajaangalia!
Basi viza ya kawaida. Nitapeleka kitabu changu cha safari, kile Uganda inachowapa wakimbizi.

Jumapili, 8 Machi
Kosa langu: nilimwambia Mama Pasta. Kanisani kwetu Juru, humo kambini, tunashukuru mbele ya kupata, tunaita imani. Nimeitwa mbele, nimewekewa mikono, viza imeshukuriwa kana kwamba iko mfukoni. Kisha wamama wakanipa vipande. Kila mmoja amekata pindo la kitenge chake cha zamani cha kule Kivu, nimtafutie ua lile lile. Mama Furaha amekata kile alichovaa siku ya kukimbia. Nilikuwa nimepanga kukasirika. Nikashindwa.

Jumanne, 10 Machi
Robert amekulia Makenke, kwenye kambi ya jeshi, baba yake askari. Kiswahili chake ni cha amri. Alishika kitabu changu kama samaki wa juzi.
"Mama, hii italeta shida. Wewe si Mukongomani? Tafuta paspoti ya Congo. Mimi iko na mtu."
Iko na mtu. Kila shida ya Mbarara iko na mtu wake. Nilimweleza polepole: nikichukua paspoti ya Congo, Uganda inaweza kusema basi nchi yangu inanilinda, nirudi huko. Ukimbizi wangu umekwisha, labda na wa watoto. Kwa ajili ya vitenge. Akasema batu mingi wanafanya. Nikasema peleka hicho hicho.

Ijumaa, 27 Machi
Ubalozi wa China umekataa. Sababu haikuandikwa. Robert anasema wanataka ushahidi kwamba mtu atarudi alikotoka.
Nilikotoka! Huko ndiko fasi moja nisiyoweza kurudi. Ningerudi Juru, na Juru si nchi. Nina kibanda, shamba, mume, watoto watatu. Ushahidi gani tena, nipeleke mbuzi? Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumapili, 29 Machi
Mama Pasta anasema labda imani yangu ilikuwa na tundu. Nikamjibu kwamba kama viza ingekuwa inatolewa kwa imani, leo kanisa zima lingekuwa Guangzhou na yeye angehubiria viti. Wamama walicheka. Yeye hakucheka. Nilimrudishia kila mmoja kipande chake. Mama Furaha hakupokea, akasema nikae nacho. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 1 Aprili
Mvua imenyesha vizuri. Sikwenda Kakoba. Nimepalilia maharage na Baraka, mume wangu. Mwezi mzima hakusema lolote juu ya safari hii, wala la kunitia moyo wala la kunizuia. Nilidhani ni tabia yake. Katikati ya mstari akauliza, bila kuinua kichwa:
"Ungefika kule, ungerudi kweli?"
Kumbe naye. Watoa viza wanataka ushahidi, na huyu ninayekula naye sahani moja pia anautaka. Nilitafuta hasira, nikaikosa.
"Ningerudi."
Alimaliza mstari wake, akazunguka, akaanza wangu kutoka upande ule mwingine.