Kwa Mama Watoto, Uliyetuachia Nyapara

Mwaka umetimia, mama watoto, tangu tulipotoka mlangoni mimi na wewe, ukamgeukia mbwa ukamwambia, "Waangalie hawa, nakuja," nikarudi peke yangu.

Hilo neno la kutimia nimeliandika kwa shida. Mwisho utaona kwa nini.

Wengi watakaosoma kumbukumbu hii walikujua kwa cherehani yako. Nusu ya sare za watoto wa mtaa huu zimepita mikononi mwako. Ulikuwa unaacha upindo mrefu makusudi, ili mtoto akirefuka mama yake afumue tu, asihangaike kushonesha nyingine. Mwenye duka la sare akakwambia unamharibia biashara. Ukamjibu, "Mimi nashonea watoto, sishonei biashara." Chaki uliiweka sikioni kama seremala na penseli yake, ukaisahau hapo, ukaenda nayo mpaka sokoni.

Nyapara, huyo mbwa, alikuja kwa kosa langu. Mimi ndiye niliyekuja kukusimulia, huku nanawa miguu, jinsi wakubwa walivyolifunga shamba la mifugo. Alikuja mmoja na gari, akatazama kondoo wanapakiwa, akapanda gari lake. Sisi mafundi wa seng'enge tukaambiwa uzio hauna tena cha kuzuia. Mbwa wa kuchunga hakuulizwa na mtu. Alikaa katikati ya zizi tupu, mweusi kwa mweupe, sikio moja limesimama na jingine limelala, anangoja kazi. Kesho yake nilirudi kuchukua koleo zangu, nawe ukasema utanisindikiza. Mimi nikarudi na koleo, wewe ukarudi na mbwa.

"Mama watoto," nikakwambia, "hapa ni ghorofa ya pili. Huyu amezoea kukimbiza kondoo mia mbili."

"Kondoo hana," ukasema. "Sisi tupo."

Na kweli tukawa kondoo. Watu wengine wana mbwa anayebweka, anakula, analala. Huyu anataka kazi kama mtu aliyekabidhiwa barua ya ajira. Asubuhi usipomkimbiza mpaka uwanja wa mpira na kurudi, mara mbili, anakusanya kandambili zote za nyumba, na za jirani, anazirundika chini ya cherehani na kuzilinda. Akikukodolea macho unajikuta umeinuka na hujui unakwenda wapi. Mgeni akienda chooni anamzunguka, anamgusa kisigino kwa pua, anamrudisha sebuleni kabla hajafika. Mama yako alipohamia kwetu, siku ya pili tu alipiga ukelele kutoka ukumbini: "Mwanangu! Huyu mjukuu wangu mwenye mkia ananinyima choo!"

Jina nilimpa mimi, kwa hasira. Nilisema, "Miaka ishirini nimesimamiwa na manyapara kazini, sasa umeniletea mwingine mpaka sebuleni." Ukacheka mpaka uzi ukakatika. "Huyu ni tofauti," ukasema. "Huyu anasimamia, na kazi pia anafanya."

Jioni ulikuwa na desturi yako. Ukimaliza mshono wa mwisho unaifunika cherehani kwa kitambaa, unalaza kiganja juu yake, unatutazama mmoja mmoja: mimi, mama yako, kifungua mimba, kitinda mimba. Halafu unatikisa kichwa kidogo kuelekea mlangoni, mara nne. Nilidhani ni shingo imekakamaa kwa kuinamia kazi, hata nikawa nakukanda. Kisha unasema, "Tumetimia." Hapo ndipo Nyapara anashusha kiuno, anazunguka mara moja, anajilaza kwenye vipande vya vitambaa chini ya meza na kushusha pumzi kama mzee aliyetua mzigo. Mimi nilimwambia lala, keti, tulia. Alinitazama kama karani anavyomtazama mtu asiye na fomu.

Sasa niseme la hospitali, maana nisiposema mimi hakuna atakayesema. Kifua kilipokubana tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mashine ilikuwa mbovu. Mara ya pili mashine ilikuwa nzima, ila mwenye ufunguo wa chumba alikuwa kwenye semina. Nikauliza nani mwingine ana ufunguo. Nikaambiwa, "Mzee, mkubwa hayupo." Mara ya tatu mkubwa alikuwapo, na alichoniuliza ni kwa nini tumechelewa kukuleta. Aliye juu mngoje chini, wanasema. Mimi nimengoja chini mwaka mzima, na hajashuka mtu.

Tuliporudi kutoka kukuzika, Nyapara alitukusanya sote sebuleni. Akatuzunguka. Akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena, akarudi. Nikamwona kabisa anahesabu na hesabu inamkataa. Hakujilaza.

Hivyo hivyo mwaka mzima. Usingizi wake ni wa kuibia, kichwa juu, halafu anainuka anaanza upya, mlangoni na sebuleni, kucha zake zinagonga sakafu, ka-ka-ka, na walio chini yetu wanazisikia. Wakalalamika. Siwalaumu. Namlaumu mwenyekiti wa kamati ya nyumba. Bomba letu la maji taka linavuja tangu enzi zako na hajawahi kupanda ngazi, lakini kwa mbwa alipanda, na jalada kwapani.

Nyapara alimpokea. Alimzunguka, akamsogeza taratibu mpaka kwenye kona, kati ya kabati na ukuta.

"Mzee, mwambie mbwa wako anipishe!"

"Mwenyekiti," nikasema, "mkubwa wake hayupo."

Haikusaidia, ila moyo ulipoa kidogo. Alitoa karatasi akiwa kule kule kwenye kona. Kitinda mimba akanisomea: mbwa atulie kabla ya mwisho wa mwezi, au watakuja watu kumchukua. Wanakowapeleka mbwa wale kila mtu anakujua.

Tulijaribu kila kitu. Kifungua mimba alimkimbiza uwanjani asubuhi na jioni. Kitinda mimba alipanga ndoo kule chini awe anaziruka, akaziruka, kisha akazikusanya pamoja. Tukachoka sisi. Nikawaza, mke wangu aliniachia kitu kimoja chenye kupumua, na hicho nacho wakubwa watakichukua kwa karatasi.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho wa mwezi, jua linazama, mama yako akaniita kutoka kwenye kiti chake.

"Baba, huyu mbwa hana ugonjwa. Anangoja neno."

"Neno gani, mama?"

"Unalijua."

Nililijua, na nikakasirika, Mungu anisamehe, mbele ya mama mkwe. "Mama, hilo siwezi. Tulikuwa watano, tupo wanne. Mimi sikusoma, lakini hapo sihitaji mwalimu. Hatujatimia. Waongo wamejaa tele huko ofisini, nisije na mimi nikamdanganya mbwa."

Akanyoosha kanga magotini.

"Unajua mwanangu alilitoa wapi neno hilo?"

"Si lake?"

"Ni langu. Nilizaa sita. Wanne niliwazika wakiwa wadogo. Kila jioni nikifunga mlango nasema, tumetimia. Mkeo alikuwa mtoto, akaniuliza, mama, mbona tumebaki wawili tu? Nikamwambia, nyinyi mnahesabu waliomo ndani. Mimi nahesabu walio wangu."

Mama watoto, kumbe ile haikuwa shingo. Walikuwa ndugu zako wanne. Miaka yote hiyo nakukanda, na hukuniambia kitu.

Niliondoka nikaenda kwenye cherehani. Sikuwa nimeigusa tangu uondoke. Nikalaza kiganja juu ya kitambaa chako, kikakwaruza, maana mkono wangu ni makovu ya seng'enge matupu. Nyapara akasimama katikati ya chumba, lile sikio moja juu. Nikamtazama mama yako. Nikamtazama kifungua mimba, nikamtazama kitinda mimba, ameshaanza kulia. Nikageukia mlangoni, nikatikisa kichwa mara nne kama ulivyokuwa unafanya. Ya tano ilinikataa. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Kisha nikatikisa ya tano, nikasema, "Tumetimia."

Alinitazama. Nikadhani sasa ataniomba fomu. Akashusha kiuno, akazunguka mara moja, akaingia chini ya meza kwenye vitambaa vyako, akashusha pumzi. Alilala mpaka kulipokucha. Na mimi nililala, mara ya kwanza bila kuamka kupapasa upande wako.

Ijumaa mwenyekiti akaja na jalada lake. Akachungulia chini ya cherehani.

"Amekufa?"

"Amelala, mwenyekiti. Nyata."

Akanyata. Ndiye mkubwa wa kwanza kunisikiliza mwaka huu. Karatasi amerudi nayo, na bomba nimemwonyesha.

Wale wa hospitali sijawasamehe. Kitinda mimba, anayeninyooshea herufi, ameniomba niyafute yale ya ufunguo. Nimemwambia ayaache yalivyo, mama yake hakuwa mtu wa kuficha mshono mbaya, alikuwa anaufumua mbele ya mwenye nguo.

Kwenye cherehani anakaa kifungua mimba sasa. Anashona polepole, na anaacha upindo mrefu. Jioni anaifunika, mimi naweka kiganja.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, fundi seng'enge. Mama yako mzazi, ambaye chooni sasa anasindikizwa na ameacha kulalamika. Wanao wawili, kifungua mimba na kitinda mimba. Wateja wako wa sare pamoja na watoto wao waliorefuka. Na Nyapara, aliyejilaza chini ya meza yako ninapoandika haya, kandambili zako za kijani ziko chini ya kidevu chake.

Ulimwambia atuangalie. Ametuangalia.

Daima tutakuhesabu.