Chupa ya Pili ya Dawa ya Injini

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: chupa ya pili sikuimimina. Ipo hapa chumbani kwangu, nyuma ya gunia la maharage, na kifuniko chake hakijaguswa.

Leo Jumamosi, jioni, Januari. Mvua imekatika mchana, halafu ukungu ukashuka kutoka mlimani na sasa hata zizi silioni vizuri. Kijiji chetu, Gitting, kikiamua kuwa na baridi hakina utani. Nimejifunika blanketi la Bibi, naandika kwenye simu, na kila nikisikia mtu anapita koridoni naigeuza simu kifudifudi. Ndivyo nilivyo. Humu kwenye blogu sidhani kama kuna mtu ananijua, ndiyo maana naweza kuongea. Nikiwa mbele ya watu sauti yangu inaishia kooni.

Nimemaliza kidato cha nne Mbulu, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Kazi yangu imekuwa kushika jembe asubuhi, na siku za safari kupanda gari na Baba.

Baba ana pikapu ya zamani, ilikuwa nyeupe. Inashusha viazi vyetu na vya majirani kwenda Katesh, inarudi na mbolea, mabati, watu, chochote. Ugomvi wake na gari hilo ni mmoja tu: linakunywa. Analisema kama mtu anavyomsema shemeji mlevi. Geji ya mafuta ilikufa zamani, kwa hiyo ana namna yake ya kupima. Anajaza tenki pale sheli ya Katesh mpaka mafuta yaonekane shingoni, anapanda Gitting, anashuka tena, anajaza mpaka palepale shingoni. Kilichoingia ndicho kilichonywewa. Mwalimu wangu wa fizikia angesema ni njia nzuri tu.

Sasa, siku ya mnada alikuwepo mtu mwenye kipaza sauti na kimashine kidogo. Alikuwa anasugua kipande cha chuma kwenye gurudumu linalozunguka. Kwa oili ya kawaida chuma kilipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka. Akadondosha tone la dawa yake, kimya. "Weka hii ndani ya oili," akasema, "gari lako litakunywa mafuta kama kifaranga anavyokunywa maji!" Baba alisimama pale mpaka viazi vyetu vikasahaulika. Akarudi na chupa mbili, moja ya siku ile na nyingine ya wakati wa kubadilisha oili.

Chupa ya kwanza aliimimina mwenyewe mbele yetu sote, polepole, kama anabatiza.

Na kweli, mafuta yalipungua! Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila tulipojaza, pampu ilisimama mapema kuliko ilivyozoea. Kilichopungua si kingi, kama chupa kubwa ya maji, moja na nusu, lakini ni cha kuonekana. Baba alikuwa anamwita hadi kijana wa sheli aje ashuhudie. Sijamwona Baba na furaha ya namna ile siku nyingi.

Mama ndiye aliyeharibu. Hakukusudia. Tulikuwa mezani akasema, "Baba Yasinta, hebu nieleze. Hiyo dawa kanywa nani, gari au wewe? Mbona siku hizi unaendesha kama umebeba mayai?"

"Ni gari limekuwa laini, mke wangu. Linaenda lenyewe."

"Haya. Basi hata wewe umekuwa laini. Juzi basi limekupita na hukutukana mtu."

Tulicheka wote. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia, ila kijiko kilibaki hewani.

Wiki ile ile Bibi alizidiwa na presha, tukamkimbiza hospitali Katesh. Siku hiyo Baba aliendesha kama zamani, gia inaguna, honi juu. Namshukuru Mungu Bibi alipata nafuu. Tulipokwenda kujaza tenki, gari lilikuwa limekunywa vilevile kama kabla ya dawa. Na dawa ilikuwa ndani.

"Siku ya mgonjwa haihesabiwi," Baba akasema, akafunga tenki.

Lakini mimi niliihesabu.

Siku ya kubadilisha oili ndipo lilipotokea lenyewe. Baba alikuwa amemwaga oili yote ya zamani, akawa ameshika ile mpya, mara jirani akaja mbio, ng'ombe wake anashindwa kuzaa. Baba ndiye anayeitwa kwa kazi hizo. Akaniachia kila kitu. "Malizia, mama. Oili kwanza, halafu dawa."

Nilimimina oili. Nilichomoa kijiti cha kupimia, nikafuta, nikarudisha, nikatazama: ipo sawa kabisa, kwenye alama. Nikaishika chupa ya dawa. Nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba ukitaka kujua kitu kinafanya kazi gani, kitoe, na vingine vyote uviache kama vilivyo.

Nikaificha ndani ya kanga.

Shuleni tulisoma sayansi kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza nilichofanya kina jina zuri, kinaitwa "control". Nikikiwaza kwa Kiingereza naona kabisa nimevaa koti jeupe la maabara. Nikikiwaza kwa Kiswahili, lugha nitakayomwambia Baba, kinakuwa hivi: nilimdanganya. Nimejaribu kutafuta sentensi ya katikati siku zote hizi. Haipo.

Safari zilizofuata barabara ilikuwa na tope zaidi, mvua zimechanganya. Na bado gari lilikunywa kidogo, sawasawa na siku za dawa.

"Umeona?" Baba akaniambia pale sheli. "Chupa ya pili ndiyo imelikomesha kabisa."

Nikatazama dirishani.

Tangu hapo nikaanza kumwangalia mguu. Zamani Baba alikuwa akikanyaga mafuta mpaka mwisho ndipo abadili gia. Sasa anabadili mapema. Hafukuzani na mtu. Na tukiuanza ule mteremko wa kutoka kwetu, anatoa gia kabisa, anaweka fri, gari linateremka kwa uzito wake na viazi vyake. Anainua kidole. "Sikia, mama. Sikia injini ilivyo laini." Nasikia. Ni laini kwa sababu haivuti kitu. Kule chini tunapofika breki zinanuka kama kitambaa kilichoungua, na hilo Baba halisikii, kwa sababu anasikiliza injini.

Anafanya hivyo ili mimi nisikie dawa ikifanya kazi. Hajui kwamba hicho anachofanya ndicho kinachofanya kazi. Kunidanganya si nia yake hata kidogo. Katika gari lile mdanganyifu ni mmoja, na amekaa kiti cha abiria.

Ningeweza kunyamaza. Nina kipaji cha kunyamaza. Ila leo asubuhi amekuja Mzee Safari, mwenye trekta, anayelima mashamba ya nusu ya kijiji. Nilimpa shikamoo, nikamletea chai, nikasimama mlangoni na birika.

"Nasikia gari lako limeacha pombe," akamwambia Baba.

"Limeokoka, Mzee."

"Basi na trekta langu lipate wokovu. Mimi maneno ya yule wa kipaza sauti siyaamini. Lakini wewe ukisema, sihitaji risiti."

Baba alijiweka sawa kitini, alivyofurahi. Halafu akasema kesho baada ya ibada atasimama nje ya kanisa, pale wanapotangaza ng'ombe waliopotea, awaambie watu wote: wa trekta, wa bodaboda, wa mashine za kusaga. Wakishakubaliana atakwenda kuchukua katoni nzima ya dawa. Akanigeukia. "Yasinta ataniandikia maneno. Huyu ndiye msomi wetu, na safari zote alikuwepo. Shahidi."

Mzee Safari akaniambia, "Andika vizuri, binti."

Nikasema ndiyo. Kwa sauti ya chini, kama kawaida, na kila mtu akadhani ni haya tu.

Watu wa hapa wanamwamini Baba kwa sababu. Yale maporomoko ya tope yaliposhuka mlimani yakafukia nyumba za watu kule Jorodom, Baba aliwasha gari bila kuulizwa, akapakia blanketi na watu wenye majembe. Hakutoa hotuba. Alisema tu "pandeni", na watu wakapanda. Mpaka leo tukipita upande ule anazima redio. Neno lake ndicho kitu kikubwa alichonacho, na kesho anataka kuliweka juu ya dawa ambayo haipo hata ndani ya gari lake.

Halafu Mzee Safari aiweke kwenye trekta. Trekta halina mteremko wa kuteremka fri. Litalima palepale, litakunywa vilevile, na mzee atamtazama Baba. Hatasema kitu, maana ni mtu wa heshima. Atamtazama tu. Wenye bodaboda ndio watakaosema, tena kwa kelele.

Siogopi kupigwa. Baba hajawahi kunipiga. Naogopa ule uso wake wa furaha wa pale sheli, nitakapouzima.

Nimekaa tangu chai ya saa kumi nikiandika tangazo lake. Kila nikianza, "Ndugu zangu, mimi nimejaribu na nimeona," nafuta. Badala yake nimejikuta nimeandika haya.

Tena niseme ukweli wote. Sijui kama dawa haisaidii hata kidogo. Labda inasaidia injini kwa namna nyingine, jaribio langu ni dogo, mizigo haikulingana, mvua haikulingana. Ninachokijua ni kwamba bila dawa mafuta yalipungua, na pamoja na dawa, siku ya Bibi, yalirudi palepale. Kilichobadilika siku zote hizo ni mguu wa Baba.

Na hapa, nikiandika, ndiyo kwanza naliona jambo jingine.

Ni habari mbaya, lakini si mbaya yote. Mama aliisema mezani tukacheka. Mafuta yamepungua kweli, Baba hakukosea kusoma pampu. Aliyeyapunguza ni yeye. Hiyo fri ya mteremkoni aiache, inanitisha. Lakini gia za mapema, kutofukuzana na mabasi, ule utulivu, hivyo ni vyake, hakuvinunua mnadani. Hivyo anaweza kusimama nje ya kanisa akavisema na neno lake lisianguke. Mzee Safari anaweza hata kucheka.

Au Baba atakasirika, atatoka nje na kukaa ndani ya pikapu peke yake kama anavyofanyaga. Nalo nitalivumilia.

Nimeitoa chupa nyuma ya gunia. Nimeifuta vumbi kwa kona ya kanga, nimeiweka kitandani karibu na simu.

Mama anamuuliza kitu kule jikoni, naye anajibu, "Ngoja kwanza nikachukue maneno yangu kwa msomi." Anacheka. Buti zake za mvua zinakuja koridoni, naisikia ile ya kushoto inayonyonya maji. Mkono wangu umeshaanza kwenda kwenye simu wenyewe, kwa mazoea.

Naurudisha.

Anakohoa mlangoni, kama anavyokohoa siku zote kabla ya kuingia kwangu. Simu ipo hivi hivi, uso juu, inawaka.

Karibu, Baba. Kaa hapa kitandani. Leo nitasoma kwa sauti.