Barabara Tuliyompambia Bwana Shauri

Mjukuu wangu Shabani,

Marahaba, mume wangu. Huku Mkange hatujambo. Dada yako ana mimba kubwa, na barabara ya Miono ni ile ile.

Umesikia nimegombana na jumbe, unauliza kulikoni. Mabwana wa baraza la wilaya wanakuja kuikagua barabara, naye anataka tutoke na majembe tufukie mashimo kabla hawajafika. Nimemwambia, “Sitoki!”

Nilipokuwa msichana, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja vivyo hivyo. Tuliona aibu mgeni ateseke, basi tukafukia, tukafyeka, tukafagia hata majani. Motokaa yake ikapita kama juu ya mkeka. Wazee walipolalamika barazani, akacheka: “Barabara yenu nzuri, nimeipita leo!” Masika ikausomba mchanga wote. Dada yangu Mwanaidi aliposhikwa na uchungu, tukambeba kitandani kwenda hospitali, Miono. Hakufika hai.

Mficha uchi hazai, Shabani. Nasi tuliuficha kwa mikono yetu wenyewe!

Jembe langu nimelifungia ndani. Waje na motokaa yao. Wakikwama, kitanda cha Mwanaidi bado ninacho.

Bibi yako