Kiwiko cha Mwansa

Mama yangu mpendwa,

Mwansa yuko hai! Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingenivumilia nikizunguka. Kitinda mimba wako amelala hapa nyuma yangu. Amekula ubwali mpaka akakwangua sufuria.

Tangu ututoke, Nchelenge imebadilika. Wanaume sasa wanagombania nyavu za nailoni, na Mwansa naye akavuka kwenda Kilwa, ng'ambo ya ziwa letu, kujinunulia wavu. Dhoruba ikamkuta njiani. Walimtafuta hadi Mununga, wakarudi na kafi lake tu. Jana asubuhi Baba Mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, akasema basi, tuweke kilio. Unajua desturi yetu: kilio kikiwekwa, hakuna mtumbwi unaotoka mpaka kiishe. Wanawake walishaanza kujifunga vitambaa vya msiba.

Hapo ndipo nilipoona kitu cheusi mbali sana, kwenye joto lile linalofanya ziwa lionekane linachemka. Baba Mdogo akakitazama, akasema, "Ile haiko mutu. Ni matete, maji inabeba tu." Wenzake wakaafiki. Nilikasirika, Mama, nusura nimtukane.

Lakini nikakukumbuka tukipara samaki ufukoni, unataja jina la kila anayekuja kabla uso haujaonekana, nami nakudhani mchawi. Ulicheka ukasema, "Wacha uso. Angalia vile anatikisika." Basi nikachomeka kafi la Mwansa mchangani, nikapiga magoti nyuma yake, nikatuliza kichwa nikikilenga kile kitu kwa ncha yake, maana ulinifundisha kwamba jicho linalotangatanga huona kila kitu kinatembea. Matete hupanda na wimbi, hushuka na wimbi. Kile nacho kilipanda. Halafu wimbi lilipokuwa linashuka, juu yake kitu kikainuka. Kikainuka tena. Kiwiko kwanza, kisha bega, kwa kuchelewa kidogo, upande wa kushoto. Nani mwingine ziwa zima hupiga kafi hivyo? Ni yeye tu, tangu alipoanguka kutoka juu ya paa la jiko lako akavunjika mkono.

Nikapiga kelele, "Ni Mwansa! Mutoto wa mama yangu ule!" Sikungoja jibu. Nikasukuma mtumbwi mwenyewe, nguo zikalowa hadi kifuani, ndipo wanaume wakanifuata mbio. Tulimkuta amepiga magoti ndani ya mtumbwi uliojaa maji nusu, anapiga kafi kwa kipande cha ubao, midomo imepasuka. Baba Mdogo alilia kama mtoto. Tuliporudi, ufuko mzima uliimba nyimbo za kanisani, na mimi nikaimba kuliko wote, kwa sauti yangu hii mbaya unayoijua.

Ningependa ungekuwepo. Hilo linaniuma hata leo nikicheka.

Pumzika vizuri, Mama. Nakuahidi jambo moja: maadamu nina macho, hakuna mtu wa ufuko huu atakayeliliwa kabla mimi sijalitazama ziwa.

Binti yako,
Chilufya