Safari Hii Utaambiwa Kabla ya Mtihani

Mdogo wangu Upendo,

Simu shuleni kwenu hairuhusiwi, kwa hiyo nimekaa kibarazani hapa kwangu Sakina naandika kwa mkono. Mwandiko wangu unaujua, niliishia la saba, usinicheke. Bahasha sijaifunga. Matroni akiisoma sawa, na mzazi mwingine akiisoma pia sawa.

Leo nilikuwa nachambua mchicha nikakumbuka ulivyokuwa mdogo, ulivyokuwa unaamini kila kitu. Tulikuwa tunachuma kahawa nyumbani Akheri, ukameza tunda moja na mbegu yake. Mimi nikakuambia mti utaota tumboni, matawi yatokee masikioni. Ulilia mpaka ng'ombe akageuka kututazama. Mama akaja, mikono inanata kahawa, akasema, "Hakuna mti unaoota tumboni, mwanangu. Itatoka kesho." Ukanyamaza papo hapo. Na kesho yake ukaja mbio kunitangazia kwamba imetoka!

Halafu ukaja ule mwaka wa kidato cha pili. Mama alifariki wewe uko bweni, mtihani umekaribia. Wazee wakakaa, baba mdogo akasema usiambiwe. Wala si yeye tu, huku kwetu ndivyo wanavyofanya, mwanafunzi anafichwa msiba asije akafeli. Mimi nilisema, "Apigiwe simu, aje amzike mama yake." Baba mdogo akanijibu, "Wewe ni mzazi, kanyonyeshe mtoto. Unataka mwenzio afeli?" Basi. Kila ulipompigia Mama kwa simu ya matroni, baba mdogo ndiye aliyepokea. "Mama hajambo, anakusalimia, soma kwa bidii."

Ukaja likizo na begi lako mgongoni, ukakuta kaburi limeshasakafiwa kwenye migomba, maua yamekauka. Hukulia. Ulimgeukia baba mdogo ukamuuliza, "Zile salamu alizituma nani?"

Tangu hapo hukumwamini mtu. Nikisema chai ina sukari, unaonja kwanza. Nikisema mvua inanyesha, unatoka nje kuangalia. Shemeji yako, Baba Glory, akawa anakutania, "Huyu ni askari wa forodha, hata salamu anaikagua." Tulicheka, lakini mimi roho iliniuma. Chakula kilikushinda. Kichwa kila siku kinauma, tunakwenda hospitali, vipimo havioni kitu. Siku moja ukaniambia, "Dada, nikikaa na watu naona wote wanaigiza." Nilikushika mkono tu. Ningekuambia neno gani, na wewe maneno ndiyo yaliyokuumiza?

Ndiyo maana sitasahau siku ya wazazi ulipokuja unanisimulia habari ya wale watafiti waliokuja shuleni na maswali. Unasomewa sentensi, "Mtu akinishauri, nahisi ana lake jambo," au, "Nikiambiwa kitu naamini tu, bila kufikiri," na wewe unasema unakubali kiasi gani. Mengine ya usingizi, ya huzuni, ya kukata tamaa. Nikashangaa, "Kumbe na kuamini kunapimwa, kama presha?" Ukacheka. Ukacheka, Upendo! "Hakuna mashine, Dada. Wanauliza tu."

Ukasema ulinyoosha mkono ukamuuliza yule dada wao, "Majibu haya yatatusaidia nini? Msitudanganye." Na yeye akakujibu, "Wewe mwenyewe, huenda yasikusaidie kitu. Tunataka kuelewa kama kijana asiyeweza kuamini anachoambiwa anaumia zaidi moyoni. Bado hatujui vya kutosha. Kama hutaki kujibu, acha." Uliponisimulia macho yalikuwa yanang'aa. "Dada, mtu mzima kasema hajui! Nikajibu yote."

Baadaye ukamfuata mwenyewe mwalimu wa ushauri, bila kusukumwa. Sasa unakula. Nimefikiria sana, nikaona hukuwa umeharibika. Ulidanganywa na watu wanaokupenda, moyo wako ukajilinda.

Sasa nisome taratibu. Bibi anaumwa. Alianguka Jumapili akitoka kanisani, yuko wodini. Daktari amesema ni kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto havina nguvu. Anaongea kwa shida, ila anaongea. Jana alimwambia nesi kwamba uji wao ni maji ya kuoshea vyombo. Nilimuuliza daktari kama atapona, akasema anaweza kupata nafuu, anaweza asipate, ni mapema mno kujua. Hayo ndiyo ninayoyajua. Hakuna lingine.

Baba mdogo alinipigia. "Upendo asijue, kidato cha nne hicho." Nikamwambia, "Baba, kwa heshima yote, safari hii hapana." Akakata. Baadaye akapiga tena, sauti ndogo. "Basi mwambie wewe. Mimi hataniamini."

Nimeshaongea na matroni. Ukitaka kuja umwone Bibi, ruhusa ipo na nauli nitatuma. Ukitaka kukaa ufanye mtihani, kaa, hakuna atakayekulaumu. Uamue wewe, ukiwa unajua. Akizidiwa, nitakuambia amezidiwa. Akifariki, nitakuambia siku hiyo hiyo, hata kama uko mlangoni mwa chumba cha mtihani, na hatutazika bila wewe. Baba mdogo amekubali hilo. Sikuambii atapona. Natumaini tu, natumaini sana, na Glory anamwombea kila akila.

Wala usiniamini kwa kuwa mimi ni dada yako. Namba ya nesi wa wodi nimempa matroni, na nesi anajua utapiga. Muulize mwenyewe kila kitu, na uji muulize. Kisha linganisha na nilichoandika hapa. Ukikuta vinafanana, mdogo wangu, lala usingizi.

Dada yako,
Mama Glory